Wakfu Ukigeuka Hoteli

Je, Muislamu anaweza kulala kwa raha katika chumba cha hoteli akijua kuwa chumba hicho kiliwekwa wakfu kwa ajili ya wanafunzi na masikini? Wapo watakaosema swali hili halina uzito: umelipa au umelipiwa, kitanda ni kisafi, lala. Wapo watakaosema ni haramu moja kwa moja, hata chai usinywe humo. Mimi naona majibu yote mawili yana haraka. Na swali lenyewe si la wasafiri peke yao. Linatuhusu sisi hapa hapa tulipo, kama nitakavyoeleza.

Jengo ninalolizungumzia liko Kavala, mji wa bandari kaskazini mwa Ugiriki, kwenye Bahari ya Aegean. Linaitwa Imaret. Katika zama za dola ya Uthmaniyya, imaret lilikuwa jiko la umma, mahali ambapo chakula kilipikwa na kugawiwa bure. Aliyelijenga ni Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, ambaye kwao ni hapo hapo Kavala. Alizaliwa karibu na mwaka 1769. Ujenzi ulianza mwaka 1817. Hakujenga jiko tu. Ndani ya eneo moja aliweka madrasa, vyumba vya wanafunzi, mahali pa kusalia, chuo cha watoto na jiko lenyewe. Ukilitazama kutoka bandarini unaona kuba ndogo ndogo zimepangana juu ya mji wa kale, kama vyungu vilivyofunikwa chini juu baada ya kuoshwa.

Jiko halijiendeshi lenyewe. Kuni, nafaka, mishahara ya walimu na wapishi, vyote vinataka fedha. Karibu na Kavala kuna kisiwa cha Thasos, ambacho Sultani alikuwa amempa Muhammad Ali mapato yake, na mapato hayo ndiyo yaliyoendesha Imaret. Huo ndio utaratibu wa wakfu tunaousoma vitabuni: kuna mali inayozaa, na kuna watu wanaokula kilichozaliwa. Wanafunzi walisoma, walilala na kula bila kulipa. Masikini wa mji walikula pia, na haikujaliwa ni Muislamu au si Muislamu. Wenyeji wenye maneno wakaliita kwa utani nyumba ya wavivu. Sioni ajabu. Popote penye mtu anayekula bure, hakosekani aliyeshiba wa kumcheka.

Kisha dunia ikageuka. Mwaka 1913 Kavala ikawa sehemu ya Ugiriki. Mwaka 1923, kwa makubaliano ya Lausanne, Ugiriki na Uturuki zikabadilishana raia kwa kufuata dini: Waislamu wa Kavala wakapelekwa Uturuki, na Wakristo wa Anatolia wakaletwa Ugiriki. Waliobaki na haki ya kuishi kwao ni Waislamu wa Thrace ya Magharibi, ng'ambo ya mto Nestos, katika miji kama Xanthi na Komotini, na wapo hadi leo. Imaret likabaki bila wanafunzi na bila wa kuadhini. Wakimbizi kutoka Anatolia wakajihifadhi humo. Baadaye sehemu zikawa maghala, na jengo likaendelea kuchakaa. Mwenye mali kisheria aliendelea kuwa Misri, kwa sababu wakfu ulikuwa wa Misri. Mwaka 2001 ukarabati ukaanza chini ya mpangaji mpya, mwenyeji wa Kavala, na mwaka 2004 Imaret likafunguliwa kama hoteli ya kifahari.

Mimi nililala humo usiku mmoja. Nilikuwa Thessaloniki kwa muhula mmoja wa masomo, na waandaaji wa warsha moja walitulipia malazi. Kwa fedha zangu nisingethubutu. Bei ya usiku mmoja inazidi kodi ya chumba changu cha mwezi mzima huku Bujumbura. Chumba kilikuwa na kuba juu, kuta nene na meko ya kuotea moto. Hapo alilala mwanafunzi wa madrasa, labda wa umri wangu, aliyetoka kijijini na mkeka wake. Nilisali Isha, nikakaa kusikiliza bahari. Usingizi haukuja mapema, na si kwa sababu ya kitanda.

Asubuhi nilimwuliza mwanafunzi mwenzetu, Muislamu wa Komotini, yeye analionaje jengo lile. Nilitarajia atalalamika. Akaniambia, "Ndugu yangu, mawe yamepona. Walioondoka ni watu." Sikumjibu. Lakini tangu siku ile naona kuwa maneno yake yamegawa swali langu katika mafungu mawili, na kila fungu lina hukumu yake: kuna mawe, na kuna watu.

Tuanze na mawe. Msingi wa wakfu katika Uislamu ni kisa cha Umar bin Khattab, Allah amridhie, alipopata ardhi Khaybar akamwendea Mtume, rehma na amani zimshukie, kutaka ushauri. Alielekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Ardhi ile haikuuzwa, haikutolewa zawadi wala kurithiwa. Wanachuoni wakajenga hapo fiqhi nzima. Wakahitilafiana pale wakfu unapoharibika au watu wake wanapoondoka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, msikiti unabaki msikiti hata ukibomoka na hata wasali wakiisha, hauuzwi. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikuwa na rai kama hiyo, ilhali mwenzake Muhammad al-Shaybani aliona kuwa msikiti ukiachwa kabisa unarudi kwa aliyeutoa au warithi wake. Katika madhehebu ya Imam Ahmad, wakfu usioweza tena kutoa manufaa yake unaweza kuuzwa, na thamani yake ikawekwa katika jambo la namna ile ile.

Ukizitazama rai hizi, utaona kwamba hata wale waliofungua mlango hawakuufungua kwa ajili ya faida ya mtu binafsi. Al-Shaybani alirudisha mali kwa aliyeitoa, kwa sababu aliona lengo limekufa. Wa Imam Ahmad waliruhusu kuuza ili lengo lisife. Hakuna aliyesema: lengo limekuwa gumu, basi tulisahau, tubaki na jengo.

Sasa tuje kwa watu. Kuna mali za wakfu za aina mbili. Aina ya kwanza ni ile ambayo yenyewe ndiyo manufaa: msikiti wa kusalia, madrasa ya kusomea, kisima cha kunywea, jiko la kulisha. Aina ya pili ni ile inayozalisha ili aina ya kwanza iishi: shamba, duka, hamamu, nyumba ya kupangisha. Sisi wa nchi za ng'ombe tunaweza kulieleza kwa urahisi. Aina ya pili ni ng'ombe. Aina ya kwanza ni mtoto anayenyweshwa maziwa. Kwa Imaret, Thasos ilikuwa ng'ombe, na jengo lenye jiko na vyumba vya wanafunzi lilikuwa mtoto.

Kupangisha ng'ombe si kosa. Kwa karne nyingi Waislamu wamepangisha maduka na nyumba za wakfu, hata kwa mikataba mirefu, na wamewapangisha wasio Waislamu pia. Lakini jengo kama Imaret linapokuwa hoteli, mtoto amegeuzwa ng'ombe. Kilichokuwa kinalishwa sasa kinakamuliwa. Si lazima iwe dhambi. Mtoto naye hukua. Ila hapo linazaliwa swali moja ambalo halikwepeki: maziwa haya mapya anakunywa nani? Kama kodi ya jengo inamfikia mwanafunzi masikini mahali fulani, hata awe mbali na Kavala, basi wakfu umehama lakini haujafa. Kama haimfikii yeyote katika wale waliokusudiwa, basi wakfu umekufa hata kama kuba zote zimepigwa rangi. Anayewajibika kulijibu swali hili si mpangaji wa hoteli, wala mfanyakazi anayenipa ufunguo wa chumba. Ni msimamizi wa wakfu, yule anayeitwa mutawalli, popote alipo na cheo chochote alicho nacho.

Nimesikia hoja ya upande wa pili na lazima niitendee haki. Wanasema: bila hoteli, jengo lile lingeanguka. Waislamu wa Kavala waliondolewa wote, hapakuwa na mwanafunzi wa kulisha wala jamaa ya kusali. Kati ya gofu na hoteli, hoteli ni bora. Hoja hii ni ya kweli, na mimi mwenyewe nilifaidika nayo, kwa kuwa ningefika na kukuta kifusi nisingejua hata cha kuuliza. Kuhifadhi kuna thamani. Lakini tuangalie kuhifadhi kunahifadhi nini. Muhammad Ali hakuweka wakfu kuba. Kuba ni paa tu. Kilichowekwa wakfu ni sahani: haki ya mtu asiye na kitu kufika na kula, na haki ya mwanafunzi kusoma bila kuulizwa ada. Mtu anaweza kuhifadhi paa kwa uhodari mkubwa na sahani ikavunjika chini yake bila yeyote kusikia kishindo.

Wala tusijione kuwa ni sisi tu tuliofikwa na haya. Mwaka 1866 dola ya Italia ilivunja jumuiya za watawa na kuchukua nyumba zao. Nyingi zikawa kambi, shule na ofisi, na baadhi zikaishia kuwa hoteli. Huko Taormina, Sicily, monasteri ya Wadominiko iliyo juu ya bahari imekuwa hoteli tangu mwaka 1896. Vyumba vya kusomea na kufunga vikawa vyumba vya matajiri. Kama moyo wangu unaumia kwa Imaret, inapasa uumie kidogo kwa wale watawa pia, kwa sababu Qur'ani, katika Suratul Hajj, imetaja monasteri na makanisa na masinagogi pamoja na misikiti kuwa ni mahali ambapo jina la Mwenyezi Mungu linatajwa. Na tunapoililia Cordoba, tuikumbuke Ayasofia. Mizani inayopima upande mmoja tu si mizani.

Tuwe waadilifu pia kwa habari ya mtoaji mwenyewe. Muhammad Ali huyu huyu aliyejenga Imaret kwao, kule Misri alizichukua ardhi nyingi za wakfu akaziingiza katika mali ya dola, na kiongozi wa masharifu, Umar Makram, aliyempinga, alimfukuza Cairo mwaka 1809. Na mwaka 1820, Imaret likiwa bado linajengwa, majeshi yake yaliingia Sudan kutafuta dhahabu na watu weusi wa kutumikishwa jeshini. Mimi ni Mwafrika; siwezi kukaa chini ya kuba zile nikaimba sifa za mjenzi wake nikamaliza. Lakini fiqhi inatufundisha jambo zuri hapa. Mtu akishaweka wakfu, mali inamtoka mikononi. Haiwi tena heshima yake wala aibu yake. Inakuwa haki ya waliotajwa. Mwanafunzi aliyekula sahani ile hakula utukufu wa Pasha. Alikula haki yake. Ndiyo maana kusema "mtoaji alikuwa dhalimu" hakumruhusu mtu kuila haki ya masikini, kama vile kusema "mtoaji alikuwa walii" hakumruhusu.

Sasa nirudi nyumbani, kwa kuwa nilisema swali hili ni letu. Katika mji wetu, si mbali na ziwa Tanganyika, ipo nyumba ambayo mama mmoja mwema, Allah amrehemu, aliiacha wakfu ili wakae wanafunzi wa Kiislamu wanaotoka mikoani. Sitaitaja jina wala mtaa. Baadhi yenu mnaosoma makala haya mmelala humo. Sasa kuna pendekezo kuwa igeuzwe nyumba ya wageni. Hoja ni zile zile za Kavala: paa linavuja, fedha za kutengeneza hazipo, wageni wa ziwani wanalipa vizuri, na mapato "yatasaidia dini". Jumuiya yetu imeombwa iunge mkono kwa saini. Sitaki kumtuhumu mtu. Waliopendekeza ni wazee wetu, na huenda nia zao ni safi kuliko zangu. Ila kabla ya kusaini naomba tuwaulize, kwa adabu inayowastahili, mambo matatu.

La kwanza: wanafunzi waliomo sasa watalala wapi kuanzia siku ile mlango utakapofungwa kwa ukarabati? Si "tutaangalia". Wapi, na kwa gharama ya nani? Mtoto hageuzwi ng'ombe kabla hajapatikana wa kumlisha.

La pili: mapato yatakwenda kwa nani kwa jina? Neno "dini" ni pana mno. Ndani yake zinaweza kuingia zulia jipya la msikiti, safari ya mjumbe wa kamati na karamu ya Maulidi. Yote yanaweza kuwa mema, lakini mama yule hakuacha nyumba kwa ajili ya zulia. Mafaqihi wamelipa sharti la mtoaji wakfu uzito mkubwa sana, na haifai wema mmoja kuliwa na wema mwingine uliokaa karibu zaidi na meza ya kamati.

La tatu: hesabu zitasomwa wapi, na mara ngapi? Wakfu usiosomwa hesabu zake hadharani huanza kumsahau mwenye haki, pole pole, bila mtu kuwa mwizi. Huyu anadhani yule anajua, na yule anadhani huyu anajua. Miaka ishirini ikipita, mtu akiuliza ataambiwa, "Hii? Hii ni nyumba ya wageni tu."

Majibu yakiwa mazuri na yakiandikwa, mimi nitakuwa wa kwanza kusaini, na nitawaombea wazee wetu dua. Yasipokuwepo, nitasema hapana, na nitasema nikiwa nimekaa chini mbele yao kama mtoto wao, si kwa kupiga kelele mlangoni.

Basi je, inafaa kulala katika hoteli kama ile ya Kavala? Mimi si mufti na hii si fatwa. Nionavyo, mgeni anayelala pale hajapora kitu, maadamu haingii na lililo haramu mahali palipokuwa pa kusalia, na anapaheshimu. Ardhi yote imefanywa kwetu kuwa mahali pa kusujudia. Mtu akisujudu katika chumba kile ameongeza, hajapunguza. Lakini kulala bila kuuliza aliyelala kabla yako ni nani, na leo analala wapi, huo ni usingizi mzito kupita kiasi. Kile kinachomzuia mtu kulala mapema wakati mwingine ni rehema.

Na sisi wanafunzi tuna sababu ya ziada. Wengi wetu tumefika chuoni kwa sahani ya mtu mwingine. Kuna aliyelipiwa ada na msikiti wa mtaani kwao, aliyelala bure kwa jamaa wa Buyenzi, aliyekula futari ya majirani Ramadhani nzima. Tumeitwa wavivu pia, kwa utani na bila utani. Kesho tutakuwa wahasibu, mawakili, wajumbe wa kamati, na funguo za nyumba hizi zitakuwa mifukoni mwetu. Siku hiyo atatujia mtu mwenye suti na mchoro mzuri wa jengo, na huenda mchoro huo ukawa na manufaa ya kweli. Tuutazame kwa uadilifu. Kisha tumwonyeshe kwa kidole, tumwulize: na jikoni ni wapi?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozirudisha amana kwa wenyewe, na amlipe kheri kila aliyetuachia nyumba, kisima au sahani. Wallahu a'lam.